Ghuba ya Maya Ilipofungiwa Wageni

Katika bahari ya Andaman, kusini mwa nchi ya Thailand, kipo kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, jina lake Phi Phi Leh, ambacho majabali yake ya chokaa yameizunguka ghuba ya Maya pande tatu, na ndani yake mna ufuo wa mchanga mweupe usiopata hata mita 300 kwa urefu. Filamu ya The Beach, iliyotoka mwaka 2000, iliitangaza ghuba hiyo ulimwenguni. Kisha ikaja mitandao ya kijamii, na kila aliyeiona picha akatamani naye asimame pale pale aliposimama mwenziwe. Hata ikafika siku ambazo wageni walioshuka ufuoni waliweza kufikia 5,000, ilhali picha zao aghalabu hazikuuonyesha umati huo, kwa kuwa kila mpigaji aliwapa wenziwe kisogo, na aliyezitazama kwao akadhani kwamba huko anakokwenda atakuta faragha.

Madhara makubwa yalikuwa chini ya maji. Tumbawe, ijapokuwa laonekana kama jiwe, ni maskani ya viumbe wadogo walio hai, ambao sehemu kubwa ya chakula chao hutokana na mwani mdogo mno uishio ndani ya miili yao, nao hauna uhai pasipo mwanga wa jua. Basi mashua zilipotia nanga juu yake zililivunja, na rafadha zilipotifua mchanga katika maji yale ya kina kifupi, mchanga huo uliyafunika matumbawe yaliyosalia. Hapana aliyekusudia uharibifu. Kila mmoja alikuja kwa mapenzi, akakaa kitambo, akaenda zake.

Mwezi wa Juni 2018 serikali iliifunga ghuba kwa miezi minne, lakini hali ilipodhihirika muda ukaongezwa, hata haikufunguliwa mpaka Januari 2022. Matumbawe yalipandikizwa kwa maelfu, na papa wenye ncha nyeusi za mapezi, ambao huwakimbia watu, wakarejea kwa makundi hadi karibu na ufuo. Habari hii yanifurahisha mno, nami sihitaji ushahidi mwingine kwamba amri ile ilikuwa ya haki, ingawa manahodha na wachuuzi wa kisiwa jirani walipungukiwa na riziki, na malalamiko yao yalistahili kusikizwa.

Ilipofunguliwa iliwekwa idadi ya wageni 375 kwa saa. Mashua haziingii tena ghubani: mgeni hushushwa nyuma ya kisiwa, Loh Samah, akatembea kwa njia ya mbao mpaka ufuoni, na huko kuogelea ni marufuku. Kila mwaka, Agosti na Septemba, ghuba hufungwa ipumzike. Basi anayeazimu safari na achague miezi mingine, na mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali zidhuruzo matumbawe, ambayo Thailand iliyapiga marufuku katika hifadhi zake za taifa mwaka 2021, asiyatie mkobani.