Je, Wajua? Tundu la Moyo Huzibwa Kupitia Pajani

Je, wajua kwamba kati ya watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja huwa na hitilafu ya moyo? Na si wote wanaolazimika kupasuliwa kifua. Daktari hutoboa mshipa kwenye kinena, hupenyeza mrija mwembamba hadi moyoni huku akitazama picha za eksirei, kisha huachia kizibo palipo na tundu. Baada ya miezi kadhaa, nyama ya moyo humea juu yake.

Je, wajua nani alithubutu kwanza? Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijipenyeza mrija mkononi mpaka moyoni, akaenda kwa miguu yake kupigwa eksirei. Tuzo ya Nobel aliipata 1956.

Je, wajua kwamba tundu laweza kuwa dawa? Kuna watoto ambao mishipa mikuu ya moyo imebadilishana nafasi, damu yenye oksijeni haifiki mwilini. Mwaka 1966, William Rashkind wa Philadelphia alitumia puto kupanua upenyo kati ya vyumba vya juu vya moyo, ili damu ichanganyike na mtoto aishi hadi afanyiwe upasuaji.

Je, wajua kwamba baadhi ya vizibo husukwa kwa mikono? La Paz, Bolivia, iko zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina oksijeni kidogo, na oksijeni ndiyo inayouamsha ujifunge ule mshipa ambao mtoto huutumia tumboni kuikwepesha damu isipite mapafuni. Ndiyo maana milimani watoto wengi zaidi hubaki nao wazi. Daktari Franz Freudenthal alibuni kizibo cha waya wa nikeli na titani, ambao hujikunja ndani ya mrija na kurudia umbo lake mwilini. Wanaousuka ni wanawake wa Kiaymara, warithi wa ufumaji wa kale. Ustadi huo unastahili heshima sawa na ya daktari.

Tangu 2019, Marekani imeruhusu kizibo kidogo cha mshipa huohuo kwa watoto njiti wa kuanzia gramu 700 tu!

Kwetu, huduma hii ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mama, mwanao akitokwa jasho jingi anaponyonya, akikatiza kunyonya ili aheme, au ulimi ukiwa wa bluu, omba apimwe moyo mapema.