Kasha la Kanda na Jina Lisiloandikwa

Mtu akitaka kujua kikundi cha muziki chamwimbia nani, asianze na nyimbo. Natazame kwanza jalada.

Siti binti Saad alipovuka kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi kwa kampuni ya His Master's Voice, sahani zake za santuri zilibandikwa picha ya yule mbwa asikilizaye pembe ya gramafoni. Ajabu ya dunia! Mbwa ambaye hangeruhusiwa kuvuka kizingiti alikaa sebuleni mwa Waislamu miaka na miaka, wala hapana aliyelalamika. Alama ile ilikuwa ya mwenye kampuni, si ya mwimbaji wala ya msikilizaji.

Zilipokuja kanda, mambo yaligeuka. Maduka ya Mombasa, mashuhuri likiwa Mbwana Radio Service, yaliuza taarabu ya kwetu bila kungojea kampuni ya Ulaya. Karatasi ya kasha ilikuwa haina makuu: kijipicha cha mwimbaji, mara nyingi kama cha pasipoti, jina lake, nambari ya kanda, basi. Mgeni angesema ni ufukara. Mimi nasema ni ujirani. Mnunuzi alikuwa amekesha harusini. Sauti aijua, na kisa kilichozaa wimbo pengine akijua pia, au akikisia.

Hata Uingereza wako waliowategemea wajuao. Kikundi cha New Order cha Manchester kilipotoa "Blue Monday" mwaka 1983, kwa kampuni ndogo isiyo chini ya wakubwa, mchoraji Peter Saville alifanya jalada mfano wa diski ya kompyuta. Jina la kikundi halikuandikwa kwa herufi, bali kwa alama za rangi. Mwenyewe atalitambua.

Sasa tazama wimbo wetu uliposafiri. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa "Mtindo wa Mombasa" ya Zein Musical Party, na "Mombasa Wedding Special" ya Maulidi Musical Party. Nani Kibokoni wa kuambiwa kwamba mtindo huu ni wa Mombasa, au kwamba Maulidi aimba harusini? Majina yale yalimlenga mtu wa mbali, naye ana haki ya kuelezwa.

Lakini ujirani ule wa kasha una deni lake. Nyimbo nyingi za taarabu za Mvita zilikuwa za kuagizwa. Mtu amevunjwa moyo, au ameudhiwa na jamaa yake, huenda kwa mtungaji na kumweleza siri, akatungiwa kwa mafumbo, kisha mwimbaji akatia sauti. Jina la mwenye kisa halikuandikwa popote, na ilipasa lisiandikwe, kwani kumsitiri mwenzio ni katika dini. Ila mtungaji naye alifunikwa kwa shuka ile ile. Kumsitiri aliyeagiza ni adabu. Kumficha aliyetunga ni dhuluma.

Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya binamu yake Ahmad Nassir. Kitabuni, katika "Malenga wa Mvita" ya mwaka 1971, Ahmad Nassir ndiye mwenye jalada. Katika makasha ya kanda niliyoyaona, picha na jina ni vya mwimbaji tu. Zama zile hapakuwa na hasara kubwa, maana barazani ukiuliza "Hii ya nani?" ulijibiwa mara moja. Ahmad Nassir naye alitutoka mwaka 2019. Baraza zapungua watu, na nyimbo zile sasa zazunguka katika simu za vijana hata bila ile karatasi.

Kwa hivyo mwenye kanda za kale nyumbani, azitoe kabatini kabla hazijaota ukungu. Amwulize mama yake, amwulize ami yake, nani alitunga upi. Karatasi ya kasha huwa tupu upande wa ndani, na kalamu ya risasi yatosha.