Kitalu cha Miche Ndani ya Nyumba

Kukosa uwanja si sababu ya kukosa miche. Toboa kifuniko cha ndoo isiyopenya mwanga, na katika kila tundu ubane kipande cha sponji chenye mbegu ya nyanya. Mwanzoni maji yaguse sponji. Mbegu zikishaota, baada ya siku 5 hadi 10, tia mbolea ya kuyeyuka, nusu ya kipimo kilichoandikwa, na uweke ndoo dirishani penye jua.

Mizizi ikirefuka, punguza maji: mizizi iliyozama yote hukosa hewa, ikaoza.

Baada ya majuma 4 hadi 6, usiharibu kazi yako kwa haraka. Izoeshe miche jua kidogo kidogo kwa siku 7, ndipo uipande nje.