Kabla ya Kuuza Kompyuta Yako Kampala, Ifungue Kwanza

Ukipita Nasser Road na Nkrumah Road, mitaa ya wachapaji jijini Kampala, kazi karibu zote unazoziona zimetundikwa milangoni, kuanzia kadi za harusi hadi mabango ya wagombea, zimepitia kwanza kwenye kompyuta ya mezani. Mara nyingi kompyuta hiyo ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba, iliyotumika miaka kadhaa katika ofisi ya ng'ambo kabla ya kupakuliwa Mombasa na kupandishwa hadi huku. Ni mashine imara: kasha lake ni la chuma, hufunguka kwa urahisi, na vipuri vyake vinapatikana. Hata hivyo mwenyewe atakwambia imechoka. Ikiwashwa asubuhi inamkawiza, ikipewa picha kubwa inaganda, na tayari anatafuta mtu wa kumuuzia.

Shauri langu kwake ni moja. Asiuze wala asinunue chochote kabla hajajua ni sehemu ipi ndani ya kasha inayozichelewesha nyingine. Kompyuta haichoki yote kwa pamoja. Kwa kawaida kuna sehemu moja inayofanya kazi hadi pumzi ya mwisho huku nyingine zikiisubiri, na ukiongeza nguvu mahali pengine popote umetupa pesa.

Kuijua sehemu hiyo hakuhitaji fundi wala malipo. Fungua programu unazotumia kila siku, zote kwa pamoja, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Windows itakuonyesha Task Manager, na humo utaona prosesa, memori (RAM) na diski zinatumika kwa asilimia ngapi. Iache wazi wakati mashine inasumbua. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa 15 au 20, umeshapata jibu. Memori ikipita 90, hilo nalo ni jibu. Fundi anayekwambia "ongeza RAM" bila kuangalia namba hizo anabahatisha kwa fedha zako.

Katika mashine nyingi za mtumba nilizozifungua, mkosaji ni diski. Sababu yake ni ya kimaumbile kabisa. Ndani ya diski ya kawaida ya ofisi kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea lazima kihame hadi kwenye mstari unaotakiwa, kisha kingoje data izunguke na kufika chini yake. Kungoja huko huchukua wastani wa milisekunde 4, na kuhama kwa kichwa huchukua nyingine 9 hivi. Piga hesabu: diski inaweza kuchukua vipande 75 hivi tu kwa sekunde, ikiwa vimetawanyika. Windows inapowaka huomba vipande kwa maelfu, antivairasi nayo inaomba vyake, kivinjari kinaomba vyake. Foleni inayoundwa hapo ndiyo uzito unaouona kwenye kioo.

SSD haina kinachozunguka. Ni chipu za kuhifadhia data, na hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo. Hata OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4, ina soketi za SATA zinazoweza kupitisha zaidi ya megabaiti 500 kwa sekunde. Weka SSD ya inchi 2.5, ya kawaida tu, na mashine iliyokuwa ikikupa muda wa kwenda kununua chai itakuwa tayari kabla hujavuta kiti. Hakuna kipuri kingine cha bei kama yake kinacholeta tofauti kubwa namna hii, na nalisema hili bila kusitasita. Jihadhari na jambo moja: zile SSD ndogo kama kijiti za aina ya NVMe, ingawa zina kasi zaidi, kwa kawaida haziwezi kuwasha Windows kwenye mashine za ofisi za kizazi cha 4 na vile vya kabla yake. Usishawishiwe kuzinunulia na adapta.

Memori ndiyo inayofuata, na hapa kazi ya Nasser Road ni mfano mzuri kuliko kitabu chochote. Chukua bango la mita 3 kwa mita 1, lililotengenezwa kwa nukta 150 kwa kila inchi. Upana wake ni nukta 17,717 na kimo chake 5,906, jumla zaidi ya nukta milioni 104. Kwa uchapaji wa rangi nne kila nukta inahitaji baiti 4, kwa hiyo tabaka moja tu lililojaa linakula megabaiti 400 na zaidi. Mgombea akitaka picha yake juu, bendera nyuma, na alama ya chama pembeni, umeshafika gigabaiti na ushee, na bado Windows yenyewe haijahesabiwa, wala zile hatua za nyuma ambazo Photoshop inazihifadhi ili uweze kutengua ulichokosea. Mashine ya gigabaiti 4 haiwezi kubeba mzigo huo. Inachofanya ni kumwaga ziada kwenye diski na kuirudisha kila inapoihitaji, na kama diski yenyewe ni ile ya vipande 75 kwa sekunde, mteja atasimama mlangoni akikutazama. Kwa mbunifu wa mabango gigabaiti 16 ndicho kima cha chini ninachokipendekeza. Kwa ofisi ya kupiga chapa na kutoa nakala kule Wandegeya, ambako wanafunzi wa Makerere huleta tasnifu zao, 8 zinatosha.

Memori lazima ifanane na madabodi. DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina pini 288, na pengo la katikati limehamishwa makusudi ili moja isiingie mahali pa nyingine. Ikikataa kuingia, usiisukume. Mashine za kizazi cha 4 hutumia DDR3, ambayo kwa kompyuta hizi huishia gigabaiti 8 kwa kila kijiti. EliteDesk 800 G2, ya kizazi cha 6, hutumia DDR4. Vile visanduku vidogo vya mezani vinavyotosha kiganjani hutumia memori fupi ya laptopu. Wauzaji wengine pia wana memori iliyotolewa kwenye seva, na bei yake huvutia. Nyingi ya aina hiyo haiwaki kabisa kwenye kompyuta ya kawaida. Ni vizuri kuweka vijiti viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa, kwa kuwa prosesa hupata njia mbili za kupitishia data. Tena hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiwekea 16.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vikubwa vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili unde. Pima kwanza, ununue kile tu kinachohitajika.

Kuna kipuri ambacho wengi hawakifikirii mpaka kiungue: pawa saplai. Kampala iko kando ya Ziwa Victoria, katika ukanda wenye radi nyingi mno, na umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Shirika la UEDCL lilichukua usambazaji kutoka kwa kampuni ya Umeme mwezi Aprili 2025, lakini nyaya na transfoma hazibadiliki kwa siku moja. Wakati wa kurudi, umeme unaweza kupanda kuliko kawaida, na kinachoupokea kwanza ndani ya kasha ni pawa saplai. UPS yenye kurekebisha volti ni sehemu ya kompyuta jijini hapa, si pambo. Ukiwa na SSD unaihitaji vilevile, maana data ambayo ilikuwa bado inaandikwa umeme ulipokatika inaweza kupotea. Na kama mashine yako ina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230 nyuma ya pawa saplai, kiangalie kabla ya kuichomeka kwa mara ya kwanza. Kikiwa kwenye 115, volti 240 za hapa zitaiunguza papo hapo.

Pawa saplai pia ndiyo inayoamua kama unaweza kuweka kadi ya grafiki, ambayo vijana wengi huitaka kwa ajili ya gemu au kuhariri video. OptiPlex 9020 ya kasha kubwa hutoka kiwandani na wati 290, ile nyembamba na 255. Sloti ya madabodi inaruhusiwa kutoa wati 75 kwa kadi, basi. Kadi kama GT 1030 hutumia wati 30 na itakaa salama. Kadi inayodai waya wake wa umeme ni mzigo mwingine. Utadhani suluhisho ni kununua pawa saplai kubwa, lakini Dell na HP wana mtindo wao: kiunganishi cha kawaida cha madabodi kina pini 24, wakati 9020 inatumia pini 8 na EliteDesk 800 G1 pini 6. Pawa saplai ya dukani haitaingia bila adapta, na katika kasha jembamba haitaenea. Ukifika hapo, matamanio yako yameizidi mashine, na ni afadhali utafute nyingine.

Prosesa nayo ina mpaka wake. Unaweza kutoa i3 na kuweka i7 ya kizazi kilekile, na mashine itapata nguvu kiasi. Huwezi kuruka vizazi upendavyo. Prosesa ya kizazi cha 8 ina soketi inayofanana kwa macho na ya kizazi cha 6, nayo huingia vizuri, lakini madabodi ya zamani haiitambui. Watu wamenunua prosesa nzuri kwa kudanganywa na mfanano huo.

Kizazi cha 8 ndicho mstari unaogawa kompyuta za Intel leo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mafundi wana mbinu za kuiingiza kwenye mashine za chini ya hapo, nayo huwaka. Microsoft hawaahidi kuisasisha. Prosesa za Core 2 Duo, ambazo bado zimo katika maabara za shule nyingi, hazina amri ambazo matoleo mapya ya Windows 11 yanazihitaji, hivyo hata kuwaka haziwaki. Shule yenye mashine za kizazi cha 3 au 4 ningeishauri iweke SSD na mfumo wa Linux Mint au Ubuntu, ambayo ni bure na hupata masasisho. Mwenye duka la uchapaji hana njia hiyo, kwa sababu CorelDRAW na Photoshop za sasa hazina toleo la Linux. Yeye, kama mashine yake iko chini ya kizazi cha 8, anunue SSD ambayo ataihamishia kwenye mashine ijayo, na asitumie shilingi hata moja kwa prosesa.

Siku ya kubadilisha, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, na ushike chuma cha kasha kabla ya kugusa kipuri chochote. Puliza vumbi huku umeizuia feni isizunguke. Kisha badilisha betri ya CR2032 iliyo kwenye madabodi. Ni ya volti 3 na ni rahisi. Ikiisha, saa hurudi nyuma na tovuti za benki hukataa kufunguka. Kwenye Dell kuna zaidi: mipangilio hurudi ya kiwandani, diski hubadilishiwa namna ya kusomwa, na Windows inagoma kuwaka. SSD mpya inasingiziwa, kumbe ni betri.

Dukani, omba kipuri kijaribiwe mbele yako. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha SSD imetumika saa ngapi na afya yake ikoje. "Mpya" yenye saa 20,000 si mpya. H2testw hujaza diski yote na kuisoma tena, na hivyo hufichua zile zilizoandikwa gigabaiti 512 ilhali hazifiki hata robo yake. Muuzaji akikataa jaribio, vuka barabara.

Kuitunza mashine uliyonayo kuna faida nyingine pia. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza katika bajeti marufuku ya kuingiza kompyuta zilizotumika, pamoja na friji na televisheni, kwa hofu ya taka za elektroniki. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana ndani ya mashine hizi mna risasi na sumu nyingine ambazo hazifai kuishia jalalani. Kila mashine ambayo tayari iko hapa, ikiongezewa miaka minne ya kazi, inapunguza mzigo huo.

Na ile diski ya zamani usiiache kwa fundi, hata kama ni rafiki yako na hata akikupunguzia bei. Ina nyaraka za wateja, picha za vitambulisho na nywila zako, na kuifomati haraka hakuzifuti. Kama ni ya shule, kliniki au ofisi, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuwajibisha kuzilinda taarifa za watu zilizomo. Ichukue, ondoka nayo, na uifute kabisa kabla ya kumpa mtu yeyote.