RDC: Mimba 146.700 kwa mwaka mmoja Kinshasa, watetezi wa uhai waulizwa kazi yao

Mwaka 2016, mimba karibu 146.700 zilitolewa mjini Kinshasa. Ni makadirio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na taasisi ya Guttmacher ya Marekani: mimba 56 kwa kila wanawake 1.000 wa miaka 15 hadi 49.

Kwa watetezi wa uhai, kila mimba katika hesabu hiyo ni mtoto ambaye hakupewa jina. Kanisa Katolika linafundisha kwamba uhai unaanza mimba inapotungwa. Katiba, ibara ya 16, inasema binadamu ni mtakatifu.

Sheria ya adhabu inakataza kutoa mimba. Lakini Itifaki ya Maputo, iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi mwezi wa Machi 2018, inaruhusu kama mwanamke amebakwa au uhai wake uko hatarini.

Uchunguzi uleule ulionyesha kwamba zaidi ya mimba sita kwa kumi hazikutarajiwa. Binti aliyefukuzwa nyumbani na kukimbiwa na mwanaume hasaidiwi na vitisho vya gereza. Anayetaka mtoto azaliwe aanze kumpokea mama yake.