Ruta Moja, Laini Mbili
Ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data kati ya ofisi na intaneti, kwa kawaida huangalia tu anwani ya kule pakiti ya data inakokwenda, ndiyo maana ofisi yenye faiba na 4G hujikuta ikilipia laini ya pili inayolala bila kazi. Katika Linux, mfumo unaoendesha ruta nyingi, kanuni za kuchagua njia husomwa kuanzia namba ndogo: kanuni 100, kwa mfano, huweza kuagiza pakiti zitokazo 192.168.1.50 zifuate jedwali la njia la laini ya pili, kabla ya kufikiwa kanuni 32766 inayoelekeza kwenye jedwali kuu. Linalosahaulika mno ni majibu: ombi lililoingia kwa faiba likijibiwa kupitia 4G, huenda jibu lisifike, kwani watoa huduma wengi huzitupa pakiti zenye anwani ya mtumaji isiyo yao. Kanuni ya majibu, basi, iandikwe kwanza.