Mathe ameandikiwa mamogramu? Twende naye, na haya ndiyo ya kutarajia

Najua ukiona neno mamogramu kidole chako kinapita mbio. Hiyo si ni stori ya akina mama? Ngoja kidogo.

Mwaka jana mathe aliniambia, tena akiendelea kukatakata sukumawiki kibandani, kwamba daktari alimwandikia picha ya matiti miezi mitano nyuma. Karatasi alikuwa ameikunja ndani ya Biblia. "Nitaenda tu," akasema. Hangeenda. Dada yake tulimzika kwa saratani ya titi, na hospitali alikuwa amefika akiwa amechelewa sana.

Mimi si daktari, hata chuo sikumaliza. Lakini nilimsindikiza, nikauliza kila swali.

Tuanze na umri. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi kwa wanawake hapa Kenya, na miongozo ya Wizara ya Afya inapendekeza mamogramu kuanzia miaka 40, hata kama huna dalili. Ukiwa mdogo, matiti huwa yamejaa tishu nzito na eksirei haioni vizuri, kwa hivyo ukihisi kivimbe mara nyingi utaanzia ultrasaundi. Usikae nacho ati kwa sababu uko na miaka 23. Na kama mama au dada yako amewahi kuugua, mwambie daktari, huenda ukahitaji kuanza mapema.

Sasa siku yenyewe. Kama bado anapata hedhi, chagueni wiki inayofuata baada ya hedhi kuisha, maana matiti hayaumi sana wakati huo. Avae blauzi na sketi, si dera, kwa sababu anavua ya juu pekee. Kama ana picha za zamani, abebe. Asijipake poda, mafuta wala marashi ya kwapani asubuhi hiyo.

Hilo la marashi sisi hatukulijua. Mathe akaambiwa aende akajipanguse. "Kwani nanuka?" akaninong'onezea, mkoba tayari mkononi, macho mlangoni. Nikamuuliza mhudumu, akatueleza: marashi yanaweza kutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe, na vidoa kama hivyo ni mojawapo ya vitu ambavyo daktari anatafuta. Kumbe ni hivyo tu. Mathe akaenda kujipangusa.

Ndani nilimwacha aingie peke yake, mengine akanihadithia kwa matatu. Unasimama mbele ya mashine. Titi moja linawekwa juu ya kibao, kisha kibao kingine cha plastiki kinashuka na kulibana. Unashika pumzi, picha inapigwa, unaachiliwa. Kila titi hupigwa picha mbili, moja kutoka juu na nyingine ya upande. Inauma? Inabana vibaya, wengine huumia, lakini ni sekunde chache. Kubana huko kunatandaza tishu ili picha itoke wazi na mionzi itumike kidogo. Akiumia sana, aseme. Anaweza pia kuomba ahudumiwe na mwanamke. Shughuli yote kwa kawaida haizidi nusu saa.

Ripoti ndiyo ilitupiga chenga. Ilikuwa na neno BI-RADS na namba 0. "Sifuri! Sina kitu," mathe akasema, nami nikashangilia kama mjinga. Kumbe sifuri maana yake picha hazijatosha kutoa jibu. Namba 1 ni safi. 2, kuna kitu lakini si saratani. 3, yaelekea si saratani, ila urudi mapema kuangaliwa, mara nyingi baada ya miezi 6. 4 na 5, kwa kawaida hutolewa kinyama kidogo kikapimwe. 6 ni saratani ambayo tayari imethibitishwa.

Wengi wanaoitwa tena hawapatikani na saratani. Lakini hebu mwambie hivyo mamako saa nane usiku akiwa ameketi jikoni, taa imezimwa. Sikumwambia kitu. Nilipika chai tukakaa.

Ultrasaundi ikaonyesha kifuko cha maji tu, kitu cha kawaida. Alilia kuliko alivyolia tukingoja.

Pesa je? Bei hutofautiana sana, kwa hivyo piga simu hospitali mbili tatu kwanza. Oktoba, mwezi wa uhamasisho wa saratani ya matiti, kuna hospitali ambazo hupunguza bei au kupima bure.

Baadaye nilimuuliza mathe kwa nini alikaa na ile karatasi miezi mitano. Hakutaja mashine, hakutaja pesa. Alisema, "Sikutaka kusikia majibu nikiwa peke yangu."

Kwa hivyo leo ukifika nyumbani, usimuulize mamako ataenda lini. Muulize, "Mama, tunaenda lini?"